Mkono uliokataa uji wa rangi: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miezi minane

Doa lilikuwa la njano mtoto alipochukuliwa kituoni jioni. Usiku bibi yake alipolifikicha gauni kwa sabuni ya mche, doa likageuka jekundu kama damu. Asubuhi iliyofuata, walezi wakiwa bado wanafagia, bibi alikuwa mlangoni na gauni bichi mkononi, anauliza mjukuu wake alipakwa nini.

Ndivyo kisa hiki kilivyonifikia. Kazi yangu ni kutembelea vituo vya kulelea watoto wadogo mchana hapa Dar es Salaam, kukaa chini na walezi na kuitazama kazi pamoja nao. Mwenye kituo alinipigia siku ile ile. Alitaka nimsaidie jambo moja, namna ya kumtuliza bibi. Kituo sitakitaja wala familia sitaitaja, na walezi wa pale wameniruhusu kuandika kwa sababu wanajua, kama nijuavyo mimi, kwamba kilichotokea kwao kinatokea kwingi.

Chumba cha wachanga kilikuwa na watoto saba na walezi wawili. Mdogo kuliko wote alikuwa wa miezi minne, mkubwa alikuwa ameshapita mwaka na ameanza kusimama kwa kushikilia. Binti wa kisa hiki alikuwa na miezi minane na wiki yake ya tatu kituoni. Anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, anajivuta kwa tumbo akiona kitu anachokitaka, na huwalilia watu wageni kidogo, jambo la kawaida kabisa kwa umri huo.

Siku ya tukio walezi walipika uji mzito wa sembe wakaugawa katika bakuli tatu. Moja walilitia manjano ya unga, la pili maji ya bitiruti, la tatu maji ya mchicha uliochemshwa. Wakatandika karatasi kubwa sakafuni, wakawaketisha watoto kuizunguka. Wazo walilipata kwenye video za simu, na wazo lenyewe si baya. Mtoto mmoja wa miezi kumi alijitosa mikono miwili hadi kwenye viwiko na alikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Mwingine alionja, akakunja uso, akaonja tena. Binti yetu alilia mpaka akatolewa nje.

Mlezi mmoja alikuwa amerekodi ili kipande kitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tulikaa mkekani mimi na yeye tukakitazama, nikamwomba tuzime sauti. Wimbo na vicheko vya watu wazima hufunika kile ambacho mwili wa mtoto unasema, na mimi nilitaka tuusikilize mwili.

Sekunde ya 3, binti anautazama uji. Mdomo wazi, mikono imetulia mapajani. Hapo hajakataa kitu, anasoma. Sekunde ya 7 mlezi anachovya kidole chake na kumpaka kidogo mgongoni mwa kiganja. Binti anautazama mkono wake, kisha anaukunja ngumi. Sekunde ya 9 anageuza uso upande wa ukuta. Sekunde ya 12 anapiga mwayo. Muda wote huo mlezi anaongea naye kwa upole, anatabasamu; hakuna ukali hata chembe. Sekunde ya 15 anamshika kifundo cha mkono, anafungua vidole kimoja kimoja, anakichovya kiganja kizima katika bakuli la njano na kukibandika kwenye karatasi. Mgongo wa mtoto unapinda kwa nyuma. Sekunde ya 22 kilio kinaanza, na hapo ndipo gauni linapopata doa, maana binti anajifuta mkono kifuani kwa nguvu, mara mbili.

Mlezi aliirudisha video nyuma mwenyewe, bila mimi kumwambia. "Alipiga mwayo nikadhani ana usingizi," akasema. Nikamuuliza ameamka saa ngapi. Alikuwa ametoka kulala nusu saa tu kabla.

Ngumi, uso uliogeuzwa, mwayo usio wa usingizi, mgongo uliopinda: mtoto asiye na maneno alikuwa ameshasema hapana mara nne kabla hajalia. Ukutani mwa chumba kile limebandikwa bango lenye maneno "malezi yenye mwitikio", moja ya nguzo tano za mwongozo wa malezi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia mwaka 2018, ambao nchi yetu iliufanyia programu yake ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mwaka 2021. Walezi wale walikuwa wanalielewa bango kama agizo la kuongea na mtoto na kumchekea. Lakini mwitikio ni jibu, na jibu halipo kama swali halijasikiwa. Mwayo ule ulikuwa neno, nao ulihitaji kujibiwa kwa kusogeza bakuli mbali.

Sasa, kwa nini mlezi mpole, anayewapenda watoto kwa dhati, alifungua vidole vya mtoto kwa nguvu? Hili ndilo lililonikalisha kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Nilimuuliza, naye akanijibu moja kwa moja: karatasi ilihitaji viganja saba. Mwenye kituo alikuwa ameahidi kwamba kila mzazi atapelekewa alama ya kiganja cha mwanawe. Watoto saba, viganja saba, na saa sita mchana walale. Hata wa miezi minne, aliyekuwa amelala chali pembeni na hahusiki na lolote, kiganja chake kilichovywa na kubandikwa.

Karatasi ile haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya watu wazima, ya wazazi na ya kituo, na kila kosa lililofuata lilitoka humo.

Mtoto wa miezi minane hajali alama ya kiganja. Hajui bado kwamba umbo lile ni la mkono wake. Anachokijenga katika umri huu, ambao Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliuweka ndani ya hatua ya kujifunza kwa milango ya fahamu na mwendo, kuanzia kuzaliwa hadi karibu miaka miwili, ni fungamano la kitendo na matokeo: nimepiga, kimeruka, nimevuta, kimenifuata, nimebana, kimetoka kati ya vidole. Sanaa kwake ndiyo hiyo. Ni ule mshangao kwamba kitu duniani kimebadilika na aliyekibadilisha ni yeye. Mtu mwingine akimshika mkono na kuuongoza, mabadiliko si yake tena. Karatasi inapata alama, mtoto anapata funzo jingine kabisa, kwamba mkono wake unaweza kupelekwa asikotaka na mtu anayemchekea. Ndiyo maana siwezi kuuita ule mgongo uliopinda usumbufu mdogo wa siku moja.

Kuhusu vifaa nitasema kwa urefu, kwa sababu bibi aliuliza swali la haki, "mmempaka nini?", na jibu la mwanzo la walezi, "ni chakula tu, bibi, hakina madhara", halikutosha.

Wekundu wa doa ulikuwa rahisi. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya mche ni hivyo. Tulilisuuza gauni kwa maji ya ndimu mbele ya bibi, wekundu ukarudi njano palepale, akatikisa kichwa. Baki lake tulilianika, maana jua hulififisha. Lakini manjano yale yalinunuliwa yakiwa yamesagwa, ya kupimiwa, bila jina la msagaji. Nchini Bangladesh watafiti walithibitisha kwamba wapo waliokuwa wakiongeza kromati ya risasi kwenye manjano ili yang'ae, na madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Sidai kwamba manjano ya kituo kile yalikuwa na risasi. Ninachosema ni kwamba rangi itakayoishia mdomoni mwa mtoto mchanga lazima ujue ilikotoka. Nunueni mizizi, mponde wenyewe, au mwiache kabisa.

Na itaishia mdomoni. Katika umri huu mdomo ndio mkono wa kwanza. Kwa hiyo swali si kama mtoto atakula rangi, swali ni nini kitatokea akiila. Yule wa miezi minne ndiye aliyenitia hofu kuliko wote. Ushauri ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita itimie, ilhali likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, ndiyo maana vituo vyetu vinapokea watoto wa miezi mitatu na minne ambao mama zao wanahangaika kukamua maziwa alfajiri ili ushauri huo ufuatwe. Kumchovya kiganja kwenye uji mtoto kama huyo, kiganja ambacho dakika inayofuata kitanyonywa, ni kuvunja kwa dakika moja kile ambacho mama amekilinda kwa miezi. Hakuna aliyelifikiria hilo. Nami kiukweli nililiona kwenye video mara ya pili tu, mara ya kwanza macho yangu yote yalikuwa kwa binti.

Walezi walitaka kujua kama basi watumie unga wa kuchezea, ule unaokandwa na chumvi. Hapana, si kwa wachanga. Chumvi ya donge lile ni nyingi mno kwa figo zao. Unga mbichi nao hubeba vijidudu, hivyo chochote cha unga kipikwe. Uji wa lishe usitumike, kwa kuwa mara nyingi una karanga au maziwa, na hamjui ni mtoto gani kati ya saba atavimba uso. Asali isikaribie chumba cha watoto walio chini ya mwaka mmoja. Na uji uliopikwa asubuhi usingoje watoto waamke mchana katika joto la Dar. Ukikaa mezani zaidi ya muda wa saa mbili, umwageni.

Bibi nilimkuta barazani siku ya tatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti. Sikumweleza chochote kuhusu milango ya fahamu. Nilimuuliza mjukuu wake akiwa nyumbani hushika nini.

"Huyu mke mwenzangu? Hashikiki huyu," akasema. "Mie nasuka mikeka, yeye kazi yake kunivurugia ukindu."

Kumbe bibi ni msusi. Tangu binti ajue kukaa, ameketishwa pembeni mwa ukili, anavuta miyaa, anaikunja, anaisikiliza inavyokwaruza sakafu. Mikono yake ilikuwa na elimu tayari: vitu vikavu, vyepesi, vyenye mlio. Kitu kinachonata hajawahi kuachiwa. Chakula analishwa kwa kijiko na kila tone likidondoka linafutwa papo hapo, na bibi alilieleza hilo kwa fahari ya mtu anayejua kulea. Katika maisha ya mtoto huyu, unyevu unaonata kiganjani ulikuwa na maana moja tu, uchafu ambao mtu mzima huuondoa haraka. Siku ile uji ukapakwa na mtu mzima na haukuondolewa. Nadhani hapo ndipo mshtuko ulipotoka, na nadhani ndiyo maana alijifuta mara mbili.

Kisha bibi akaniambia lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo, nalo halikuwa doa. "Mwanangu, chakula hakichezewi. Mimi nimeona njaa."

Sikumjibu kwa hoja. Walezi wengi vijana hulichukulia katazo hili kuwa ukale, na ninawaomba wasifanye hivyo. Mtoto anayefundishwa nyumbani kwamba uji unaheshimiwa, kisha kituoni anaambiwa aumwage na kuukanyaga, anawekwa katikati ya watu wawili anaowapenda. Zaidi ya hayo, kuna wazazi wanaoacha mtoto kituoni asubuhi bila kujua watapika nini jioni. Sufuria la sembe lililomwagwa sakafuni kwa ajili ya picha linawaumiza, hata kama hawasemi.

Mwenye kituo alikuwa na shaka nyingine. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama binti hana tatizo, pengine usonji, kwa kuwa hapendi kuguswa. Nilimwambia hapana, na nilitaka hapana yangu isikike. Mtoto wa wiki ya tatu mahali pageni, aliyekataa kitu kimoja kigeni mara moja, amefanya jambo la akili. Anacheka akichezewa, anatafuta macho ya bibi akifika, anakula vizuri, anapenda kubebwa. Angekuwa anakataa kila aina ya chakula chenye chembechembe mpaka anatapika, au uzito hauongezeki, au miezi tisa imepita na hawezi kukaa, au haitikii sauti na nyuso, hapo ningesema aende kliniki wiki hiyo hiyo. Kipande kifupi cha video hakitoshi kumpa mtoto jina ambalo litamfuata.

Tulipanga upya, na wiki ya kwanza hapakuwa na rangi kabisa. Tulianza na kikapu. Elinor Goldschmied, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1910 na 2009, aliwaachia walezi kitu kinachoitwa kikapu cha hazina: kikapu kipana, kifupi, kilichojaa vitu vya kawaida vya nyumbani visivyo vya plastiki, anachowekewa mtoto anayeweza kukaa lakini hajaweza kutambaa. Mtu mzima hukaa karibu, hanyamazi kwa ubaridi wala haingilii. Kwetu hatukuhitaji kununua kitu. Kikapu cha ukindu, mwiko mdogo, kifuu cha nazi kilichosuguliwa laini, upawa, kawa, kipande cha kanga iliyofuliwa mara nyingi, brashi ya nguo. Kila kitu tulikipima kwa jicho: kama kinaweza kuingia chote mdomoni, hakiingii kikapuni. Bibi akaleta kipande cha mkeka alichokipinda kingo kwa kitambaa, kwa sababu makali ya miyaa hukata fizi, na akachagua mwenyewe ukindu usiotiwa rangi, kwa kuwa anajua rangi ya ukindu hutoka ukilowa.

Zoezi gumu lilikuwa la mlezi. Nilimwomba akae dakika kumi mikono yake ikiwa mapajani. Siku ya kwanza ilimshinda dakika ya pili, akanyosha upawa kumpa mtoto. Ya tatu aliweza. Siku hiyo akaja kuniambia, kana kwamba amegundua dawa, kwamba binti huvigusa vitu vipya kwa mgongo wa mkono kwanza, kisha kwa ncha za vidole, halafu ndipo kiganja. Alikuwa sahihi.

Wa miezi minne alipata yake: kulala kifudifudi juu ya mkeka mbele ya kanga yenye nakshi nyeusi na nyeupe, vipindi vifupi vifupi mpaka zitimie zile dakika 30 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2019 kwa wasiotambaa. Hiyo ni sanaa ya kutosha kwa umri wake.

Wiki ya pili maji, kwenye sinia na si beseni, kina kisichofika nusu ya kidole, mlezi mmoja haondoki na maji yanamwagwa watoto wakimaliza. Baadaye barafu: bonge moja kubwa la maji ya choya yasiyo na sukari, lililogandishwa kwenye bakuli, likaachwa dakika chache juu lilowe lisigandie ngozi. Hili lilikuwa la waliopita miezi sita tu. Binti alilisukuma kwa mgongo wa mkono, likateleza, akashtuka, akacheka, akalifuata. Alilowa mpaka kiunoni na hakujifuta.

Rangi yenyewe ilisuluhishwa na bibi. Alipotuuliza kwa nini tusitumie wanga, walezi walisita, wakidhani amesahau katazo lake. Kwake wanga wa muhogo haukuwa chakula, ni kitu cha kutilia kofia ili zisimame. Tukatumia wanga safi unaouzwa kwa kupikia, ukapikwa mpaka ukawa kama gundi ya kung'aa, ukapoa, ukatiwa maji ya bitiruti. Picha za watoto hazikutumwa tena kundini. Kila mzazi aliulizwa kwanza, na anayetaka hutumiwa ya mwanawe peke yake.

Wiki ya nne karatasi ilirudi sakafuni, ikiwa imebandikwa kingo, bakuli katikati, na kikapu kimewekwa ng'ambo. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya viganja. Wa miezi kumi alifanya mambo yake. Binti aliutazama wanga mwekundu muda mrefu, akaugusa kwa mgongo wa mkono, akauacha. Mlezi hakusogea. Kisha binti akaona kipande cha mkeka cha bibi yake ng'ambo ya karatasi, akajitupa mbele, akajivuta kukifuata, akapita katikati ya rangi bila kuijali.

Jioni mama yake ndiye aliyekuja. Mlezi akampa karatasi ile iliyokunjwa. Mama akaikunjua, akaona mchirizi mrefu mwekundu unaokatika katikati na kuendelea hadi ukingoni, akauliza hiki ni nini.

"Goti," mlezi akamwambia, "alikuwa anaufuata mkeka."